Gogo la Nne

Juzi nilimgombeza mtoto wa watu. Ni kijana wa jirani, mwalimu, ndiyo kwanza amenunua gari. Jumamosi ile alikuwa ameliinua kwa jeki nyuma ya nyumba yake, akapanga matofali matatu chini yake, akalala chali na kujisukuma mvunguni mpaka ikabaki miguu tu. Nilikuwa napita na ndoo yangu. Harufu ya grisi na udongo mbichi ikanijia, na kabla sijajua ninachofanya nikawa nimeitua ndoo chini na kupiga kelele.

"Toka! Toka humo sasa hivi!"

Akatoka mbio, uso umempauka. "Kuna nini, bibi? Nyoka?"

"Hayo matofali yako."

"Ah, bibi! Ni dakika tano tu."

Sikuondoka pale mpaka alipokwenda kutafuta magogo. Najua aliniona bibi mwenye kelele, wala simlaumu. Ningemwelezaje? Haya ninayoyaandika sijapata kumsimulia mtu yeyote yote kwa pamoja, hata marehemu mume wangu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, mnaokumbuka siku ambazo gari moja likipita watu waliacha majembe shambani wakaenda kusimama barabarani.

Sisi tulikaa upande wa Igoma. Wakati huo Igoma ilikuwa mashamba ya pamba na mihogo tu, na barabara ya vumbi iendayo Musoma ikipita katikati. Baba yangu, Masanja, alikuwa dereva wa Bwana Jivan, Mhindi aliyekuwa akinunua pamba mjini Mwanza. Mambo ya magari Baba aliyajua vitani. Walimchukua bado kijana akabebe mizigo ya jeshi, bahati ikamwangukia akawekwa kumsaidia fundi wa malori. Aliporudi alikuwa na vitu viwili ambavyo wenzake hawakuwa navyo: ufundi wa magari, na hofu ya jeki.

"Jeki inainua, haishiki," alikuwa akisema. "Kinachoshika ni mti." Kule vitani alimwona rafiki yake akifia chini ya lori lililokuwa limeachwa juu ya jeki peke yake. Kwa hiyo gari la Bwana Jivan lilipoharibika, akaja nalo nyumbani Jumamosi kulitengeneza, hakufanya haraka hata siku moja. Alichagua mahali tambarare. Aliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Aliweka kipande cha ubao chini ya jeki isije ikazama. Akishainua, alipanga magogo yake manne ya mninga, mazito, aliyoyachonga kwa tezo yakawa bapa juu na chini: mawili upande wa kushoto, moja juu ya jingine, na mawili upande wa kulia. Halafu alishusha jeki taratibu mpaka gari likakaa juu ya miti. Mwisho kabisa alilisukuma kwa bega mara tatu, kwa nguvu zake zote. "Likicheza, mimi siingii," alisema.

Mimi niliamini kuwa gari lile lilikuwa mgonjwa na magogo yale ndiyo kitanda chake. Oili iliyodondoka niliiona ni damu. Baba akiwa chini, nilikwenda mbele kwenye taa zake mbili kubwa na kuliambia pole.

Aliyenielewa katika upuuzi huo alikuwa Shangazi Kabula, mdogo wake Baba, aliyekuwa akikaa nasi. Alikuwa ameolewa Sengerema, ng'ambo ya ghuba, akakaa miaka sita bila mtoto. Alivyotendewa huko sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba alirudi na kitenge kimoja na kovu juu ya nyusi. Alibanika samaki wa kuuza, akalala na mimi mkeka mmoja, na nywele zake zilinuka moshi na sato. Baba akilala chini ya gari, Shangazi alichuchumaa pembeni na kumuuliza maswali. Kwa nini hapa na si pale? Hili likikatika, nini kitatokea? Baba alimjibu kila swali, akicheka. Mama hakupenda.

"Wifi," alimwambia siku moja, "hizo spana zitakusongea ugali?"

"Hazinisongei, wifi," Shangazi alijibu, "lakini hazinisemi."

Mwaka ule mvua zilikuja mapema na kwa hasira. Zilinyesha siku nne bila kupumzika, kuni zikalowa, hata vijiti vya uzio vikaota ukungu. Baba alikuwa safarini upande wa Magu, na Shangazi alikwenda kwa rafiki yake pwani ya ziwa kufuata samaki, mvua ikamzuia huko. Ndipo mdogo wangu Maduhu, aliyekuwa hajafikisha mwaka, akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka macho yakageuka meupe. Mama alimfunga kifuani, akawa anapuliza moto mafigani na machozi yanamtoka, sijui ni ya moshi au ya kulia. Maji hayakupata moto. Mchana ule nilimwona akitoka nje kwenye mvua na shoka, akarudi na vipande vinene vya mti mkavu. Moto ukashika kwa kishindo. Chumba kikajaa harufu ya ajabu, kali, kama mafuta yanayoungua. Nilimuuliza ni mti gani unaonuka hivyo.

"Mti ni mti," alisema. "Lete sufuria."

Maji yakachemka, Mama akamfukiza mtoto dawa za majani, jioni homa ikashuka. Maduhu yuko hai mpaka leo, ana wajukuu.

Baba alirudi siku mbili baadaye. Jani la springi ya nyuma lilikuwa limevunjika njiani, na Jumatatu Bwana Jivan alitaka gari lipeleke mbegu za pamba vijijini. Mvua ilikuwa imekatika, lakini wingu jeusi lilikaa juu ya ziwa. Baba alikwenda chini ya upenu alikoyaweka magogo yake. Nilimsikia akihesabu kwa sauti. Akahesabu tena.

"Mama Limi! Gogo la nne liko wapi?"

"Gogo gani?" Mama alijibu kutoka jikoni.

"Gogo langu! Yako matatu hapa."

"Mimi na magogo yako wapi na wapi?"

Baba aligunaguna, akazunguka nyumba, akatazama angani. Nimeishi miaka mingi na picha ya mtu yule akitazama angani. Angeweza kwenda kukata gogo jingine. Angeweza kusubiri. Yeye aliyewasomesha wengine wote, alikwenda nyuma ya nyumba akachukua matofali matano ya udongo yaliyobaki tulipojenga jiko, akayapanga juu ya gogo moja upande wa kulia. Na kwa sababu wingu lilikuwa linakuja, hakulisukuma gari kwa bega. Nililiona hilo. Nilikuwa nimesimama mbele ya taa, nikasema moyoni kwamba leo gari limepona kidogo, ndiyo maana Baba hajalipima.

Hakupiga kelele. Watu hudhani mtu hupiga kelele. Nilisikia tofali likipasuka kama chungu, halafu gari likainama upande wa kulia, polepole kama ng'ombe anayelala, halafu nikasikia pumzi ya Baba ikitoka. Aliyepiga kelele ni Mama. Alisimama mlangoni na Maduhu mgongoni, mikono kichwani, akapiga kelele bila kusogea hata hatua.

Shangazi Kabula alikuwa ndiyo anafika kutoka ziwani. Alitupa kapu, samaki wakatapakaa kwenye tope. Hakulia. Alipiga magoti, akamtazama Baba, akasema, "Kaka, usisogee." Fremu ilikuwa imemlalia paja la kulia. Akachukua jeki, lakini ubao wake ulikuwa umebanwa chini ya gari, na ardhi ilikuwa uji mtupu. Alipojaribu kuinua, jeki ikazama badala ya gari kupanda. Akakimbia jikoni, akampita Mama pale mlangoni, akatoka amekumbatia jiwe la kusagia mtama. Akaliweka kwenye tope, jeki juu yake, akaanza kuzungusha. Mishipa ya shingo ilimtoka. Gari likapanda kidole kimoja, vidole viwili. Wanaume wawili waliokuwa barabarani wakaja mbio, wakataka kumvuta Baba palepale.

"Bado!" Shangazi aliwafokea. "Likianguka tena tutamuua!"

Akalichukua lile gogo la upande wa kulia lililokuwa limerushwa kando, akalisukuma chini ya fremu, akaongeza mawe juu yake, akalishusha gari likakaa. Akalisukuma kwa bega mara tatu. Ndipo akasema, "Sasa."

Walimvuta. Mguu ulitoka nyuma yake kama kitu kisichokuwa chake. Walimpeleka mjini kwa machela, hospitali ya serikali, na mguu ukakatwa juu ya goti. Daktari aliwaambia wale wanaume kwamba angechelewa kidogo tu chini ya gari asingefika hai.

Bwana Jivan alikuja nyumbani mara moja. Alileta mfuko wa sukari na blanketi, akasimama uani kwa muda amevua kofia. Alikuja na dereva mwingine. Yule dereva alifunga springi mpya huku mimi nikimtazama, akawasha gari, wakaondoka. Nililipungia mkono. Niliona limepona, na nilifurahi kwa ajili yake.

Baba alirudi baada ya wiki nyingi. Alikuwa amekonda, na alikuwa na sauti nyingine, ya chini, isiyocheka. Alikaa kwenye mkeka ukumbini na Mama alimwosha kidonda asubuhi na jioni kwa maji ya chumvi. Hakumruhusu mtu mwingine akiguse. Siku ya tatu au ya nne, Mama akiwa anamfunga kitambaa, Baba aliniita. Shangazi alikuwa amekwenda kisimani.

"Limi, kaa hapa. Wewe hujanidanganya hata siku moja, si ndiyo?"

"Ndiyo, Baba."

"Niambie. Nani alichukua gogo?"

Ningependa mwelewe jinsi nilivyolisikia swali lile. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Kwa wiki zote zile nilikuwa nikiona gogo moja tu kichwani: lile Shangazi alilolichukua kwenye tope akalisukuma chini ya gari. Hakuna aliyekuwa amemsifu kwa hilo. Nilidhani Baba, aliyekuwa chini amefumba macho, anataka kujua ni nani aliyemwokoa. Nikajaa fahari.

"Shangazi!" nikasema. "Shangazi Kabula ndiye aliyechukua gogo! Nilimwona kwa macho yangu!"

Mikono ya Mama ikasimama juu ya kitambaa. Alinitazama. Alikuwa ameelewa, nina hakika na hilo kama ninavyolijua jina langu, alielewa nilichokuwa nasema na alichokisikia Baba. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Akamalizia kufunga fundo.

"Moto wa samaki ndio unaokula kuni katika nyumba hii," alisema taratibu.

Shangazi alipoingia na mtungi kichwani, nilimkimbilia nikamkumbatia miguu. Nilimngojea Baba amshukuru. Mama akaniambia, "Limi, mchukue mdogo wako, mkacheze nje." Nikatoka. Kutoka nje nilisikia sauti ya Baba, halafu ya Shangazi, ndefu, halafu Baba tena, maneno machache. Shangazi alipotoka uso wake haukuwa na kitu. Aliinama akalizima jiko lake la samaki kwa maji aliyoyaleta.

Kesho yake alifungasha. Nilipomuuliza anakwenda wapi alisema Sengerema, kwa mume wake. Nililia kwa wivu, kwa sababu sikuwahi kupanda chombo cha majini. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwomba anichukue.

"Safari hii hapana, mwanangu."

"Basi uniletee miwa!"

Alinishika kidevu, akanitazama sana. "Nitakuletea," alisema.

Hakurudi. Baba alijifunza kutembea kwa magongo, akawa anashona viatu barabarani. Miaka ilipita, na jina la Shangazi lilikoma kutajwa, kama mtu aliyefanya jambo la aibu. Nami nilijifunza maana ya aibu hiyo kutoka kwa watoto wa jirani. "Shangazi yenu ndiye aliyechoma gogo akamkata baba yenu mguu." Nilipowasikia mara ya kwanza nilipigana nao. Kisha nilirudi nyumbani, na njiani nikaanza kulikumbuka swali la Baba neno kwa neno. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba huenda ni kweli Shangazi alilichoma. Mtoto akiogopa anaweza kuamini chochote.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu hivi moyo huo uliponivunjikia. Magogo matatu yaliyobaki tulikuwa tukiyakalia jikoni. Moja lilikuwa limeliwa na mchwa, Mama akaniambia nilipasue kwa kuni. Nilipotia kipande cha kwanza kwenye moto, ukashika kwa kishindo, na ile harufu ikapanda. Grisi ya miaka na miaka iliyoingia ndani ya mti. Nikaona mvua, nikaona shoka, nikamwona Maduhu na macho meupe.

Mama alikuwa anachekecha unga. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulikuwa umesimama.

"Mama," nikasema. "Siku ile Maduhu alipougua."

"Maduhu yuko wapi sasa?"

"Yuko nje, anacheza."

"Anacheza," alirudia. "Basi songa ugali."

Nilisonga ugali. Hilo ndilo nililofanya. Siwezi kuwaambia kwamba nilisimama nikamtetea Shangazi. Tulikula, Baba akasema ugali una mabuje.

Habari za kifo chake zilifika mwaka niliochumbiwa. Mtu wa Sengerema alipita kununua kandambili za ngozi, akamwambia Baba kama anayezungumzia mvua: yule dada yako amefariki, tangu mavuno. Yule mume alikuwa ameoa wengine wawili, na Kabula alikuwa akiwalimia wote. Alianguka shambani. Hakuna aliyetuma ujumbe, maana ilijulikana kwamba ndugu zake hawamtaki.

Nilisubiri mgeni aondoke. Nilikaa chini mbele ya Baba, nikamweleza yote: kufukiza, shoka, harufu, na jinsi nilivyolielewa swali lake. Nilitegemea atanipiga, au atamwita Mama, au atalia. Baba aliendelea kutoboa ngozi kwa msumari wake.

"Aliniambia," alisema.

"Nani, Baba?"

"Kabula. Siku ileile, ulipotoka nje. Alisema, 'Kaka, mtoto anazungumzia gogo nililokutolea chini ya gari.' Akaniambia siku ya mvua yeye hakuwepo. Nilihesabu siku, nikaona ni kweli hakuwepo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Aliendelea, bila kunitazama.

"Nilikuwa mtu wa mguu mmoja, Limi. Nina kidonda kinachooza na watoto wawili. Ningemfukuza mama yenu, nani angeniosha? Dada hamwoshi kaka yake paja. Na kukaa na wote wawili, huku kila mmoja anajua, nisingeweza. Mmoja ilibidi aondoke."

"Na matofali? Matofali aliyaweka nani, Baba?"

Hapo mkono wake ulisimama. Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, na nadhani ndilo alilokuwa akilikimbia kwa miaka yote ile, kwa magongo yake mawili. Nilimwona akifungua mdomo.

"Nenda kamsaidie mama yako," alisema.

Hatukuzungumza tena juu ya jambo hilo. Aliniombea baraka siku ya harusi yangu, akalia, na watu wakasema anampenda sana binti yake. Labda ni kweli.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kike. Mama alikuja kunitunza uzazi, akamwosha, akamfunga, akamwimbia. Aliniuliza nimempa jina gani. Nikamwambia, "Kabula." Akamgeuza mtoto kifuani, akaendelea kuimba. Alimpenda mtoto yule kuliko wajukuu wake wote. Alimbeba, alimlisha, alimfundisha kusuka vikapu. Lakini alimwita "mama", alimwita "mke mwenzangu", alimwita "wewe mdogo". Alikuwa akiumwa siku zake za mwisho na binti yangu, mwanamke mzima sasa, akimnywesha uji kwa kijiko, nilipomsikia akimuuliza, "Bibi, jina langu unalijua?"

Mama aligeukia ukutani. Aliutema uji ule kwenye shuka, na mpaka tunamzika hakuwa amelitamka jina hilo.